Dar mpaka Manyoni, kuifuata urani ya graniti

Jumamosi, Dar

Kazi yenyewe ni ndogo tu. Kuna mteja ana shamba karibu na Bahi anataka kuchimba kisima, mtu akamtia hofu kwamba maji ya kule yana urani, sasa anataka kujua kabla hajalipia rigi. Mimi nashughulika na visima, napima wapi pachimbwe na kwa kina gani, ila nilichosomea pale Mlimani ni jiolojia na graniti ndio ugonjwa wangu toka chuo, kwahiyo nikasema hii safari tuipanue kidogo, tupite Morogoro, Dodoma, Bahi, tumalizie Manyoni, tuangalie jiwe kwa jiwe hiyo urani inatokaje kwenye graniti mpaka inajikusanya sehemu moja watu wanaanza kuigombania. Naandika jioni jioni nikiwa nimechoka, kwahiyo mpangilio mtanivumilia.

Tuko watatu. Mimi, dogo mmoja yuko mwaka wa mwisho amekuja fildi, na mzee dereva wetu wa Temeke ambaye barabara ya Dodoma anaijua kuliko walioijenga.

Dar yenyewe haina graniti, na wengi wa mjini hawalijui hilo kwasababu hawana shida nalo. Chini yetu ni mchanga na udongo, ukisogea Msasani au Oysterbay unakuta mwamba wa matumbawe ya zamani mawimbi yameula kwa chini. Kokoto tunazojengea maghorofa nyingi zinashuka na malori kutoka Lugoba, ukishapita Chalinze, na zenyewe sio graniti, ni naisi, mwamba wa zamani uliopikwa na kukandamizwa kilomita nyingi ardhini mpaka ukatoka mistari mistari. Graniti ya Dar iko jikoni kwa watu.

Ndio maana leo tumeanzia kwa fundi wa kaunta za jikoni huku Mwenge, nilitaka kuijaribu mashine ya gama, ile ya kupima mionzi, kabla ya kubeba kitu kibovu kilomita mia tano na zaidi. Fundi alikuwa anatoboa nafasi ya sinki, msumeno unalia, kijana wake kashika chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko anamwagia pale meno yanapogusa jiwe, tope jeupe linatiririka mpaka mtaroni. Tukaiweka mashine juu ya kibao cheusi, kile kinachong'aa ambacho wenye nyumba mpya wote wanakitaka, tukasubiri dakika zake, ikaleta potasiamu kidogo, urani na thoriamu, metali nyingine yenye mionzi kama urani, karibu hamna. Tukahamia kibao chekundu chenye punje kubwa kubwa za waridi, namba zote tatu zikapanda.

Mashine haioni urani yenyewe, hili nalisema mapema maana litakuja kutusumbua mbele. Inaona miali ya gama, na urani ikiwa peke yake miali yake ni hafifu sana. Kinachosomwa ni bismathi 214, mjukuu wa mbali kwenye ukoo wa urani (urani ikivunjika inazaa elementi nyingine, nayo inazaa nyingine), anayepiga kwenye nishati ya keV 1764. Thoriamu nayo inasomwa kupitia thaliamu 208 kwenye keV 2614, potasiamu ndio inajisomea yenyewe kwenye 1460.

Fundi akauliza, "Bro, hiyo nyeusi si ndio graniti ya bei?" Ya bei ndio, ila sio graniti. Nyingi ya hizo nyeusi ni gabro au doleriti, miamba iliyotokana na uji wa mwamba ulioyeyuka, uliopanda kutoka chini bila kuchujwa sana, na urani yake mara nyingi haifiki hata gramu 1 kwa tani. Graniti ya kawaida ina kama gramu 3 mpaka 5 kwa tani, na baadhi zinafika 20. Akauliza tena kama hiyo nyekundu inaua. Nikamwambia kaka, kitakachokuua wewe ni vumbi la jiwe, vaa barakoa, hiyo nyekundu haina neno. Akacheka, hakuvaa.

Jumapili, Dar kwenda Morogoro

Tumeondoka alfajiri na bado foleni ya Kimara ikatukamata. Hapo ndipo dogo akauliza swali ambalo mtihani wote umelala juu yake, kwanini urani inaipenda graniti. Nikamwambia haiipendi, inaishia hapo kwa kukosa pa kwenda.

Iko hivi. Uji wa mwamba ukianza kupoa, madini yanaganda kwa zamu, ya kwanza ni yale yenye chuma na magnesi, yanafuata feldispa za kalsiamu, mwishoni kwatzi na feldispa za potasiamu. Kila aina ya madini hayo ina nafasi zake za atomu, saizi na chaji maalumu. Urani ikiwa humo kwenye uji inakuwa na chaji 4, saizi inakaribiana na ya kalsiamu ambayo ina chaji 2, sasa nafasi ya kalsiamu ukimweka mwenye chaji mara mbili yake mahesabu hayakubali. Ni abiria mwenye godoro pale kituoni Kariakoo, kila daladala ikija konda anamwangalia anasema subiri inayofuata, gari zinajaa zinaondoka yeye yupo tu, mpaka ile ya mwisho ya usiku ambayo haina ujanja inabidi imbebe. Gari ya mwisho ndio graniti, na ya mwisho kabisa kabisa ni pegmatiti, ile mishipa ya mawe yenye punje kubwa inayoganda kutoka kwenye mabaki ya uji wenye maji mengi.

Kwahiyo kadri uji unavyoganda nusu na kubaki nusu, kilichobaki kinazidi kunenepa urani. Gamba la juu la dunia kwa wastani lina kama gramu 2.7 za urani kwa tani, na thoriamu kama gramu 10 na nusu, uwiano wa karibu 4 kwa 1. Thoriamu nayo ina godoro lake, chaji 4 hivyohivyo, saizi karibu sawa, ndio maana ndani ya uji hawa wawili wanatembea pamoja. Wanakuja kuachana juu ya ardhi.

Na mahali pazuri pa kuonesha wanavyoachana ni Morogoro, kitu ambacho sijui kwanini hakifundishwi sekondari. Enzi za Wajerumani watu walichimba ulanga, yale mawe ya kumeremeta yanayobanduka kama karatasi, kwenye pegmatiti za Uluguru, na humo yakatoka mabonge ya uraniniti, oksidi nyeusi ya urani, nzito mkononi kupita ukubwa wake. Yale mabonge yalikuwa yameoza kwa nje yamekuwa ya njano. 1906 mkemia wa Kijerumani Willy Marckwald akaipima ile njano akakuta ni kaboneti ya urani, yaani urani iliyoungana na kaboni na oksijeni, madini ambayo hayakuwa yameandikwa popote duniani, akayaita rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford. Yaani kwenye vitabu vya madini ya dunia nzima, kwa rutherfordini mahali pa asili pameandikwa Morogoro.

Sasa angalia hilo bonge linasema nini. Ndani nyeusi, urani ya chaji 4, haiyeyuki, ungeiloweka mwaka mzima kwenye maji yasiyo na oksijeni isingejali. Nje njano, oksijeni imeipandisha mpaka chaji 6, imejishika na oksijeni mbili imekuwa uranili, halafu gesi ya ukaa imeiletea kaboneti. Na uranili ikishashikana na kaboneti kwenye maji inasafiri mbali sana. Thoriamu haina hiyo chaji 6, ikiachwa juu ya ardhi inabaki palepale ilipo, mwenzake kaondoka na mvua. Kwahiyo ukikuta graniti ambayo thoriamu yake iko vizuri halafu urani imepungua, usiseme haikuwa na urani, uliza imeelekea wapi.

Dogo alitaka tupande Uluguru tukatafute. Mzee akamwangalia tu kwenye kioo. Tumelala Morogoro, mishkaki mizuri, maji ya kuoga ya baridi.

Jumatatu, Morogoro kwenda Dodoma

Leo hamna la maana. Dumila, Gairo na upepo wake, Kibaigwa tumesimama soko la mahindi maana mzee ana mtu wake pale, wakakaa wakaongea bei ya gunia muda wa mtu kusoma gazeti lote. Mpaka hapo bado tuko kwenye ile miamba iliyopikwa, mkanda wa Msumbiji kama wanavyouita, ambao ulikandamizwa miaka milioni mia sita na kitu iliyopita. Ukikaribia Dodoma unaingia kwenye nchi nyingine kabisa, kratoni ya Tanzania, kipande cha gamba la dunia kilichotulia tangu zaidi ya miaka bilioni 2.5. Unakijua kwa macho, vilima vinakuwa vya mawe ya mviringo yamepandiana, mibuyu katikati.

Jumanne, Dodoma

Leo ndio siku niliyoitaka. Dodoma graniti iko nyuma ya nyumba za watu, ukigeuka hivi jiwe, hivi jiwe. Tumepiga hodi kwa mama mmoja pembezoni mwa mji, "Mbukwa mama," akaitika vizuri, akatushangaa tunaomba ruhusa ya kukaa juu ya jiwe lake. Alikuwa kaanika ubuyu pale juu, akausogeza.

Ukilikaribia unaona vitu vitatu, kwatzi ya kijivu kama haina rangi, feldispa ya waridi iliyochoka, na vipande vyeusi vya ulanga vinavyomeremeta ukigeuza kichwa. Urani haipo kwenye hivyo vitatu, au ipo kidogo mno. Ipo kwenye punje ambazo macho hayazioni, zirkoni, monaziti, alaniti, titaniti, apatiti. Chuoni tulikuwa tunakata jiwe mpaka linakuwa jembamba mwanga unapita, ukiweka kwenye hadubini unaona ulanga una duara jeusi limezunguka kipunje kidogo katikati, hilo duara ni jeraha, kile kipunje ni zirkoni na urani yake imekuwa ikipiga jirani kwa miaka bilioni mbili na nusu. Siku niliyoliona nilichelewa chakula cha mchana.

Mashine ikasoma, thoriamu nzuri, urani ya kawaida kabisa. Dogo akakata tamaa, "Sasa hii si hamna kitu?" Na hapa ndipo tulipobishana mpaka mama akatuletea viti.

Dogo, na sio yeye tu hata watu wazima wanaouza leseni za utafiti, wanadhani unatafuta graniti yenye namba kubwa halafu unachimba. Kuna sehemu hiyo inafanya kazi, Rössing kule Namibia wanachimba graniti nyeupe yenyewe toka 1976, na kiwango chake ni kama gramu 300 kwa tani, kidogo lakini mwamba ni mkubwa na uraniniti ipo humo ndani waziwazi. Ila Rössing ni chache sana duniani. Mara nyingi swali sio graniti ina urani kiasi gani, swali ni urani imekaa ndani ya nini.

Chukua graniti mbili zote zina gramu 20 za urani kwa tani. Moja ni ile yenye aluminiamu nyingi na kalsiamu kidogo, imetoka kwenye matope ya zamani yaliyoyeyuka. Hiyo thoriamu yake imeshachukuliwa na monaziti mapema, urani inabaki haina pa kujificha inaganda kama uraniniti, na uraniniti maji yenye oksijeni yanaitoa kirahisi. Hizo ndio graniti za Limousin kule Ufaransa, maji ya moto yalipita kwenye nyufa zake mamilioni ya miaka baada ya kuganda, yakaikomba urani yakaenda kuibwaga kwenye mishipa, Wafaransa wamechimba toka mwisho wa miaka ya 1940 mpaka mgodi wa mwisho ukafungwa 2001. Ya pili ni graniti ya aina ya sodiamu na potasiamu nyingi, hiyo urani imefungiwa ndani ya zirkoni na madini magumu ya niobi pamoja na thoriamu. Gramu 20 zilezile, lakini mvua inyeshe mpaka kesho haitoi kitu. Kwenye karatasi ya maabara ziko sawa, kwenye mkoba haziko sawa.

Graniti ya Dodoma ni aina ya katikati, urani yake imo kwenye titaniti, alaniti na zirkoni, na ukiiona kwa haraka ungeiweka kundi la zisizotoa. Kinachoikomboa ni umri. Urani ikivunjika ndani ya zirkoni inarusha chembe nzito za alfa, na kila mvunjiko unapiga mpangilio wa atomu za jirani. Fanya hivyo bilioni 2 na kitu za miaka, fuwele inapoteza mpangilio wake wote, inavimba, inapasuka, inakuwa kioo kilichochoka, na maji yanaingia. Kwahiyo graniti kuukuu yenye urani ya kawaida inaweza kutoa kuliko graniti changa yenye urani nyingi iliyofungwa. Dogo alinyamaza muda mrefu, nikajua imemuingia.

Halafu kuna kitu kingine cha huu umri ambacho mimi nakiona kitamu. Hizi graniti zilipoganda hewa ya dunia ilikuwa haina oksijeni ya maana, ilikuja kuongezeka karibu miaka bilioni 2.4 iliyopita. Kabla ya hapo uraniniti ilikuwa inabingirika mtoni pamoja na mchanga bila kuyeyuka, ndio hizo punje za urani zinazochimbwa pamoja na dhahabu Witwatersrand kule Afrika Kusini. Leo uraniniti haiwezi kufika mbali mtoni. Urani inayotembea na maji ni biashara iliyoanza baada ya oksijeni.

Jioni nilizungumza na rafiki yangu wa pale mjini kuhusu ramani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilirusha ndege nchi nzima zikipima usumaku na mionzi, na Wajerumani wa kampuni ya Uranerzbergbau wakazunguka huku Dodoma, Singida na kule kusini mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei ya urani ikashuka wakaondoka. Ramani zao zinaonesha madoa ya urani hayako juu ya vilima vya graniti, yako bondeni. Kesho tunashuka bondeni.

Jumatano, Bahi

Bahi ni sehemu ya chini ya bonde la ufa, mto Bubu unashuka kutoka Kondoa unaingia kwenye tinga, yaani kinamasi, na hautoki. Hamna mlango. Maji yote ya hizo graniti yanakuja hapa, na yanaondoka kwa njia moja tu, juani. Mvua ya huku kwa mwaka haifiki milimita 600, na jua lina uwezo wa kukausha mara kadhaa ya hizo. Mvua zikiwa nzuri wanalima mpunga, na mpunga wa Bahi ni mtamu msinibishie.

Tumefika shambani kwa mteja, tukasalimia wazee, msimamizi akatupeleka kwenye shimo la kisima cha mkono lililoachwa njiani. Ukuta wake ni darasa. Juu udongo mweusi wa mbuga umepasuka, unashuka kama urefu wa mtu, halafu inaanza chokaa gumu jeupe, kwanza vibonge vibonge, chini inaungana inakuwa mwamba wa kugonga na sururu. Hiyo ndio kalkriti, inaganda pale maji ya ardhini yanapopanda yanakauka. Tukashusha mashine kwa kamba, juu ilisoma kawaida, ilipofika kwenye kalkriti namba ya urani ikaanza kupanda, thoriamu ikabaki chini vilevile. Nilimgeukia dogo sikusema kitu. Jumapili Morogoro tulisema wanaachana, jana kule kilimani tumeiona thoriamu iliyobaki, leo hii hapa urani iliyokuja peke yake.

Inavyotulia hapa ni hivi. Inakuja kama uranili imeshikwa na kaboneti. Maji yakikauka gesi ya ukaa inatoka, kalsiamu inaichukua kaboneti kuwa chokaa, uranili inabaki haina aliyeishika. Ikikuta potasiamu, ambayo nayo imetoka kwenye feldispa za graniti ileile, na vanadiamu, ambayo mara nyingi inatoka kwenye miamba myeusi ya jirani, wanaungana watatu kuwa karnotiti, unga wa njano mkali. Ndio aina moja na Yeelirrie kule Australia Magharibi iliyogunduliwa 1972, na Langer Heinrich ya Namibia ambayo mgodi wake ulianza kazi 2007. Nchi kame, graniti kuukuu nyuma, bonde lenye mteremko mdogo mbele. Popote duniani ukikuta hivyo vitatu chungulia chini ya udongo.

Kwenye ufa mmoja wa kalkriti kulikuwa na utando wa njano mwembamba. Dogo nusura aanguke shimoni. Nimechukua kidogo na kisu, nikauangalia na lenzi, unaweza kuwa karnotiti, unaweza pia kuwa kutu tu ya chuma, maabara ndio itaapa.

Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo akatuuliza, "Wanangu, maji yetu ni mabaya?" Nimeulizwa hilo swali sehemu nyingi na huwa sipendi kulijibu kwa mkato. Urani kwenye maji ya kunywa hatari yake kubwa ni ya kikemia, inasumbua figo, mionzi ndio ya pili. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa mikrogramu 30 kwa lita. Maji ya kisima kimoja yanaweza kuwa chini kabisa ya hapo na cha jirani yakapita, inategemea kinatoka tabaka gani, kwahiyo hakuna "maji ya Bahi", kuna kisima hiki na kisima kile. Nikamwambia mama tunachukua maji ya kisima chenu cha pampu nayo yakapimwe, jibu litaletwa kwa mwenyekiti. Kuna watu walishawahi kuja hapa na mashine kama yetu, wakapima, wakaondoka, hakuna aliyerudi kuwaambia kitu. Hilo linanikera kuliko urani yenyewe. Watu wanabaki na neno moja la kutisha wanaishi nalo miaka.

Alhamisi, Manyoni

Tumepita Kintinku, Saranda, tukapanda ukuta wa bonde la ufa pale Kilimatinde. Ukiwa juu ukigeuka nyuma unaona Bahi yote imelala tambarare na unaelewa bila mchoro maji yanakwenda wapi.

Manyoni yenyewe haina beseni moja kubwa, ni mbuga ndogo ndogo katikati ya graniti, kila moja na maji yake. Kampuni ya Australia, Uranex, ilichoronga huku kwenye miaka ya 2000 ikakuta urani mita chache tu chini ya ardhi. Halafu Machi 2011 ikatokea Fukushima, bei ikaporomoka, miradi ya kiwango kidogo duniani kote ikalala. Watu wa mjini wanaongea kama urani ni dhahabu, ila tabaka jembamba la gramu mia moja na kitu kwa tani linategemea sana bei ya wiki hiyo.

Kwenye mbuga moja mashine imetuchezea. Sehemu mbili zina kalkriti inayofanana, moja inapiga kelele nyingine imenyamaza. Nikawaambia sasa lile la Mwenge limefika. Mashine inasoma bismathi, na ili bismathi iwepo lazima urani iwe imekaa pale muda mrefu. Katikati ya ukoo kuna thoriamu 230 ambayo nusu ya maisha yake, yaani muda wa nusu yake kuvunjika, ni miaka kama 75,000, na radiamu 226 ya miaka 1,600. Urani ikiwa imefika hapo juzijuzi, juzijuzi ya kijiolojia, watoto hawajazaliwa, mashine inanyamaza na urani ipo. Au maji yameshaichukua urani yameiacha radiamu, mashine inapiga kelele juu ya kaburi tupu. Graniti ya Dodoma haina tatizo hili kwa kiasi hicho, miaka bilioni mbili ukoo mzima umeshakamilika. Kwenye kalkriti changa usimwamini mtu anayekuja na mashine ya gama peke yake, hata kama ana kofia ya kampuni. Tumechukua sampuli sehemu zote mbili, zikapimwe kikemia.

Ijumaa, kurudi

Kutoka Manyoni mpaka Dar ni siku nzima. Mzee ambaye wiki yote kasikiliza tu, tulipopita Gairo akauliza, "Na ile ya Namtumbo nayo ni ya graniti?" Swali zuri kuliko yote ya dogo.

Namtumbo, kule Ruvuma, mradi wa Mkuju, machimbo yanayoitwa Nyota, urani iko kwenye mchanga mgumu wa Karoo, mito ya zamani sana. Hakuna graniti pale shimoni. Lakini mchanga wenyewe ni graniti na naisi zilizosagika, na maji yaliyopita humo yalibeba urani ya chaji 6 hadi yalipokuta mabaki ya mimea na pairiti (madini ya chuma na salfa), sehemu isiyo na oksijeni, ikarudishwa chaji 4 ikaganda. Bahi mtego ni jua, Namtumbo mtego ni oksijeni kukatika. Mzee akakumbuka ile kelele ya mpaka wa Selous, na kweli 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka usogezwe kupisha mradi, halafu Julai 2025 Rais Samia akaenda kuzindua mtambo wa majaribio. "Kwahiyo miaka yote hiyo ndio majaribio?" Ndio mzee. Akaongeza gia.

Mteja kapiga simu tukiwa Chalinze, nyuma ya lori la kokoto. Nimemshauri hivi, asichote maji kwenye tabaka la kalkriti, juu pale ziingie bomba zisizo na matundu na saruji nyuma yake, maji yatafutwe chini kwenye nyufa za graniti. Na hayo nayo yapimwe urani kabla hajafunga pampu, maana kuwa chini sio kuwa safi, graniti yenyewe inatoa. Akasema sawa, halafu akauliza hizo bomba na saruji za ziada zinaongeza shilingi ngapi kwa mita.